Unga Mweusi na Bamba la Picha

Mtu afikaye Chwele, chini ya Mlima Elgon, huona maduka ya kutoa fotokopi karibu na soko. Wengi huijua mashine hiyo kwa nakala za vyeti na barua tu. Lakini ile ya kwanza kuuzwa, mwaka 1949, ilifaa zaidi kutengenezea mabamba ya karatasi ya kupigia chapa, na unga wake mweusi waweza kufanya kazi hata juu ya chuma.

Zamani picha haikuingia katika magazeti ya namna ya Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, mpaka fundi aichore kwanza kwa asidi juu ya bamba la zinki au shaba. Bamba lilipakwa dawa igeukayo ipatapo nuru, likamulikwa, kisha asidi ikala mahali pasipolindwa. Ili asidi isile ubavuni mwa mistari, fundi alipaka unga mwekundu wa utomvu na kuuyeyusha kwa moto. 

Tarehe 22 Oktoba, 1938, huko Astoria, New York, Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walipaka salfa juu ya bamba la zinki, wakalisugua kwa kitambaa mpaka likashika umeme. Wakalimulika kupitia kioo chenye maandishi. Umeme ulitoweka palipopata nuru, ukabaki penye kivuli cha herufi, na unga walioumwaga ukanata hapo. Yaani unga wenyewe ulijua pa kukaa, pasipo brashi ya fundi.

Unga wa mashine za leo una plastiki, nayo huyeyuka kwa joto na kuzuia asidi kama ule utomvu mwekundu. Basi mpiga chapa mdogo aweza kutoa picha kwa mashine ya leza juu ya karatasi laini, akailaza kifudifudi juu ya shaba iliyosuguliwa safi sana, akaipiga pasi ya moto. Hulowesha karatasi majini, akaibandua polepole. Unga hubaki juu ya shaba. Mgongo wa bamba hupakwa rangi, kisha bamba hutiwa katika maji ya feriki kloraidi. Palipo na unga hubaki juu, na ndipo pachukuapo wino.

Picha ya uso wa mtu sharti ivunjwe kwanza kuwa vitone, tena vikubwa, kwa maana vidogo huliwa chini na kung'oka. Sehemu pana nyeupe zichimbwe kwa patasi, la sivyo zitachafuka wino.

Dawa hiyo huunguza macho na kuharibu nguo, na baada ya kula shaba huua samaki. Isimwagwe mtoni hata kidogo. Kazi ifanyiwe penye hewa, mikono ikiwa na glavu, na watoto wakae mbali.

Wako wanaoigeuza picha kabla ya kuitoa, wakidhani ni werevu. Karatasi ilazwapo juu ya bamba hujigeuza yenyewe, na aliyeigeuza kwanza atapata jina la marehemu likisomeka kinyume katika kila karatasi ya mazishi.