Kupanga Tamthilia ya Uhalifu ya Televisheni kwa Hadhira Lengwa: Mfano wa Wakulima wa Chai wa Mponde, Lushoto

1. Utangulizi

Tamthilia ya uhalifu ni mchezo wa kuigiza unaorushwa kwa mfululizo, ambao kiini chake ni kosa la jinai, na ambao humfanya mtazamaji amtafute mkosaji sambamba na mpelelezi. Katika Kiswahili mizizi ya utanzu huu imo katika riwaya, kwani Muhammed Said Abdulla alimtambulisha mpelelezi wake, Bwana Msa, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa mwaka 1960, na Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Hoja ya mada hii ni kwamba hadhira lengwa, yaani kundi ambalo mchezo unakusudiwa kulifikia kwanza, ichaguliwe kabla ya kosa na kabla ya mpelelezi, kwa sababu yale ambayo hadhira inayajua tayari ndiyo yanayoamua fumbo lifichwe wapi.

2. Kuitambua hadhira

Mponde ni eneo la wakulima wadogo wa chai katika milima ya Usambara, upande wa Bumbuli. Kiwanda chake cha chai kilifungwa mwaka 2013 kutokana na mgogoro baina ya wakulima na waendeshaji, na mwaka 2016 serikali ikakirejesha mikononi mwake. Hadhira iliyopitia hayo haina haja ya kufafanuliwa maana ya kukosa mnunuzi wa majani mabichi, wala haitavumilia kuona shida yake ikigeuzwa pambo la nyuma ya hadithi ya watu wa mjini.

Taifa lina mfano wa kazi iliyoanza kwa kuisikiliza hadhira. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, uliandaliwa baada ya utafiti juu ya wasikilizaji, na mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori, aliwafikishia ujumbe kuhusu UKIMWI kupitia maisha waliyoyafahamu. Mtunzi wa tamthilia ya uhalifu naye anapaswa kwenda kwenye vituo vya kukusanyia majani kabla ya kuandika onyesho la kwanza.

3. Ujuzi wa hadhira na mahali pa fumbo

Kidokezo ni jambo dogo linaloonyeshwa ili baadaye liwe ushahidi. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba karani wa mizani ametoweka, na gunia la majani likakutwa karibu na kituo asubuhi. Mpelelezi kutoka mjini anadhani majani hayo yamechumwa alfajiri ile. Lakini mkulima anajua kwamba majani yakishindiliwa hupata joto, hunyauka na kubadilika rangi, hivyo akiyaona yamekuwa mekundu atatambua mara moja kwamba yalichumwa jana yake. Mtunzi asiyelijua hilo atakitegemea kidokezo hicho kubeba taharuki, yaani hamu ya kutaka kujua litakalofuata, kwa sehemu nzima, ilhali mtazamaji wa Mponde amekwisha kukifumbua.

Njia iliyo bora ni kumpa mtazamaji huyo fahari ya kumtangulia mpelelezi kuhusu wakati majani yalipochumwa, kisha kulihamishia fumbo pale ambapo ujuzi wake unakoma, kama vile katika vitabu vya malipo au katika majibu ya maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtazamaji wa Dar es Salaam, asiyewahi kuchuma chai, atapata maelezo kupitia mpelelezi huyo mgeni anapofundishwa na mchumaji mzee, na kwa njia hiyo hadhira mbili zitahudumiwa bila yoyote kudharauliwa.

4. Mipaka ya maadili na sheria

Televisheni hutazamwa na wazazi, wakwe na watoto wakiwa pamoja, kwa hiyo ukatili uonekane zaidi katika matokeo yake kuliko katika tendo lenyewe. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika, na tamthilia inayoshangilia kipigo cha washukiwa inabomoa kinga hiyo. Vivyo hivyo, tuhuma za uchawi zisiachwe kuwa jibu. Bwana Msa alikwisha kuonyesha kwamba kifo kinachohusishwa na mzimu kinaweza kuchunguzwa kwa akili. Aidha, mgogoro halisi wa Mponde usigeuzwe hukumu dhidi ya watu wanaotambulika.

5. Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba, kwanza, muswada usomwe mbele ya wakulima, wanawake wachumaji wakiwamo, na kila mahali walipokisia mkosaji paandikwe. Pili, afisa mpelelezi na mwanasheria wahakiki hatua za ukamataji na ushahidi. Na tatu, taratibu za Bodi ya Filamu zifuatwe tangu hatua ya mpango. Gharama ya kazi hii ni ndogo ikilinganishwa na kurekodi upya, na faida yake ni kubwa, kwa kuwa mkulima anayeona kazi yake imeelezwa kwa usahihi atauamini mchezo hata unapomweleza haki asizozijua.