Laki Nane na Nauli ya Nairobi
Siku ya Mashujaa mwaka 2025, uwanjani Ithookwe, Kitui, Rais Ruto alitangaza kuwa bima ya afya ya taifa, SHA, italipia matibabu ya saratani hadi shilingi 800,000 kutoka 550,000. Ni hatua njema sana. Lakini mama wa Mutomo, Kitui, anayetibiwa kwa mionzi Nairobi, siku tano kwa wiki, majuma kadhaa, atalala wapi? Bima hailipi matatu, wala chumba cha kupanga, wala uji wa jioni. Mbuzi ndio wanaouzwa, mmoja baada ya mwingine. Kaunti jirani ya Makueni ilithubutu mwaka 2016: kwa shilingi 500 tu kwa mwaka, familia ilitibiwa katika hospitali za kaunti. Basi Kitui na Makueni zitenge sasa fedha za nauli na malazi ya wagonjwa hawa.