Tuitembee Njia ya Majimaji: Kisarawe, Kibaha na Vita vya 1905



Hoja yangu ni moja, nami naisema mapema ili mnipime kwayo: vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, vilivyoifikia ardhi hii ya Uzaramo, haviwezi kueleweka kwa kusomwa darasani peke yake. Vinahitaji kutembewa. Na ili vitembewe, inatupasa tuwe na njia inayojulikana, yenye vibao na majina, pamoja na watu wa hapa hapa wanaojua kuisimulia.

Wenzetu wamekwishaliona hili. Kule Gettysburg, Marekani, majeshi ya nchi moja yalipigana kuanzia tarehe 1 hadi 3 Julai 1863. Leo uwanja huo ni hifadhi yenye minara zaidi ya 1,300, na mgeni anatembea kwa miguu pale pale walipoangukia askari. Karibu zaidi, Taita Taveta nchini Kenya, wageni hupelekwa kilima cha Salaita, walikopigana Waingereza na Wajerumani Februari 1916. Nyumbani, Songea ina Makumbusho ya Majimaji na kumbukumbu ya kila tarehe 27 Februari, siku waliponyongwa viongozi wa Wangoni mwaka 1906. Nandete, kule Umatumbi, wana mnara wao. Uzaramo, mlangoni kabisa mwa Dar es Salaam, hauna njia ya namna hiyo. Wengi tunalijua jina la Kibasila kwa sababu ya shule iliyoko Temeke. Ni wachache wanaojua kwamba alikuwa jumbe wa Kisangire, kusini mwa Uzaramo, na kwamba aliipinga pamba ya Wajerumani hadi akauawa.

Pamba na umbali

Tuanze na pamba, kwa kuwa ndiyo iliyowasha moto. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Gavana von Götzen iliagiza kila jumbe awe na shamba la pamba la pamoja. Kila mtu alitakiwa kulifanyia kazi siku 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa mafungu matatu: moja la wafanyakazi, moja la jumbe, moja la chombo cha serikali kilichosimamia mauzo. Fungu la wafanyakazi lilipogawiwa watu wote, kila mmoja alipata kidogo mno, na wapo waliokataa hata kulipokea.

Darasani, siku 28 ni tarakimu tu. Lakini toka Kisarawe mjini kwa miguu uelekee Maneromango, ushuke mabondeni, upande vilima vya mchanga, upite vichaka vinavyofunga njia. Utaelewa kwamba siku moja ya shamba la jumbe ilimgharimu mtu zaidi ya siku moja, maana kuna kwenda na kurudi. Na huku nyuma shamba lake mwenyewe limebaki bila mlinzi, nguruwe na nyani wakijilia. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini watu wa Nandete walianza vita kwa kung'oa miche ya pamba, mwishoni mwa Julai 1905.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Habari za maji yake zilikuwa zimekwishatangulia. Katika mwezi huo huo wa Agosti vuguvugu lilifika Uzaramo, na hapa lilikuta imani ya wenyeji. Kabla ya hapo Wazaramo walikuwa wakienda kwa mzimu wa Kolelo, milimani Uluguru, kuomba mvua na neema. Ahadi ya maji haikuangukia jangwani.

Vilima vya Pugu na reli ya Ruvu

Njia ninayoipendekeza ianzie Pugu, kwa sababu vilima vile vimebeba vita zaidi ya kimoja. Wamisionari Wabenedikto walifika hapo mwaka 1888. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri vya kuwapinga Wajerumani pwani, misheni yao ilivamiwa, baadhi yao wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Pugu hiyo hiyo ndiko Mwalimu Nyerere alikofundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955. Desemba 1956, mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, aliwakumbusha walimwengu kwamba watu wa nchi hii waliinuka dhidi ya Wajerumani kwa sababu hawakukubali kwamba mgeni ana haki ya kuwatawala.

Kibaha nayo ina sehemu yake. Ujenzi wa reli ya kati ulianzia Dar es Salaam Februari 1905, miezi michache tu kabla ya vita. Reli ikapita Pugu, ikavuka mto Ruvu, na Desemba 1907 ikafika Morogoro. Maana yake ni kwamba reli ilikuwa ikisonga mbele wakati huo huo kusini vijiji vikiteketezwa. Leo treni ya SGR inasimama Pugu, kisha Soga na Ruvu upande wa Kibaha. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anaweza kushuka asubuhi, akatembea na mwenyeji, na jioni akarudi kwao.

Vita vya ndugu

Sasa nifike kwenye jambo zito zaidi. Kumbukumbu za Wajerumani zinasema katika Majimaji upande wao walikufa Wazungu 15, askari 73 na wasaidizi wa kivita 316. Yaani Waafrika 389 walikufa wakiwa upande wa serikali. Upande wa pili Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wa hao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, baada ya vyakula kuchomwa na mashamba kuharibiwa kwa makusudi, kwa kuwa maofisa waliamua kwamba njaa ndiyo itakayowanyenyekeza watu.

Nani alishika kiberiti? Mara nyingi ni askari mweusi, chini ya amri ya ofisa Mzungu. Nani alisimamia pamba? Akida na jumbe. Wengine walilazimishwa, wengine walinufaika, na wengine, kama Kibasila, walipewa cheo cha jumbe na bado wakakataa. Njia yetu isiwe njia ya mashujaa peke yao. Mtu anayetembea atajua kwamba kijiji cha aliyepigana na kijiji cha aliyelinda serikali vinachota maji bonde moja. Taifa linaloficha kwamba lilipigana ndani kwa ndani halitajua namna ya kuzuia lisirudie.

Tufanye nini?

Kwanza, halmashauri za Kisarawe na Kibaha zichore njia kutoka Pugu, kupitia Kisarawe na Maneromango, hadi Kisangire, kwa ushauri wa wazee wa kila kijiji. Pili, idara zetu za historia hapa chuoni zirudie kazi iliyofanywa na wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, mwaka 1968 na 1969, walipokwenda vijijini kurekodi masimulizi ya Majimaji. Waliosimulia wakati ule wametangulia. Wajukuu wao wapo. Tatu, Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa Kwa Mfipa, Kibaha, mwaka 2022 na vyama sita vya ukombozi, iwapeleke wanafunzi wake katika njia hii. Nne, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ulindwe, kwani ukikatwa tutakuwa tumeifuta sura ya nchi waliyoijua waliopigana. Na ada ya wageni ibaki kijijini: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Vijana, msingoje vibao. Likizo hii mwendeeni mzee mmoja, mwombeni awaonyeshe njia ya zamani ya kijiji chenu, mwandike majina ya mahali na ya watu, kisha myalete chuoni. Kazi ya kuihifadhi historia ya Uzaramo ni yetu, na inaanza kwa kutembea.