Moshi wa Mteja na Kifua cha Mhudumu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa baa na mahoteli)



Neno letu leo ni juu ya moshi wa sigara mahali tunapofanya kazi, na hasa zile sehemu za nje wanazotengewa wavutaji. Wako watakaosema, "Hiyo ni kazi ya Bwana Afya, chama kinaingiaje?" Sisi twajibu kwamba mteja huja, hukaa saa moja, kisha huenda zake. Mhudumu hubaki humo zamu nzima, na kesho hurudi tena.

Kwanza tuijue sheria. Mwaka 2007 Halmashauri ya Jiji la Nairobi, kwa sheria zake ndogo, ilikataza kuvuta sigara hadharani. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku, nayo ikaanza kazi Julai 2008. Sheria hiyo yakataza kuvuta sigara mahali pa watu wote, na baa na hoteli zimo. Anayeivunja aweza kutozwa faini hadi shilingi 50,000, au kufungwa hadi miezi 6, au yote mawili.

Lakini sheria iliacha mlango mmoja, yaani mahali palipotengwa kwa wavutaji. Yataka pawe mbali na sehemu nyingine, na moshi wake utoke nje moja kwa moja. Sasa tazameni jinsi mlango huo unavyotumiwa. Mwenye baa huchukua ua wa nyuma, hupiga mabati juu, huzungusha turubai kila upande ili wateja wasipate baridi, kisha hupaita "nje". Ndugu, hapo si nje. Ni chumba kisicho na dirisha. Moshi hupanda, hugonga mabati, hurudi chini kwa yule aliyebeba sinia.

Na moshi huo si mchezo. Wataalamu wamehesabu ndani yake kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 zaleta saratani. Shirika la Afya Duniani lasema watu zaidi ya milioni 1 hufa kila mwaka kwa moshi wa sigara za wenzao. Hakuna kipimo cha moshi huo kisichodhuru.

Wenzetu wa nchi nyingine wamefanyaje? Ireland ilikataza sigara katika baa zake Machi 2004, na sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa afya ya wafanyakazi. Huko, mahali penye paa hapahesabiwi kuwa nje ikiwa kuta zimezunguka zaidi ya nusu. Jirani zetu wa Uganda, kwa sheria yao ya 2015, walikataza kuvuta sigara katika umbali wa meta 50 kutoka mahali pa watu wote na mahali pa kazi.

Hapa kwetu uwezo uko karibu kuliko tunavyodhani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya afya, kazi ya kuzuia uchafuzi wa hewa, na kazi ya kutoa leseni za pombe. Basi anayetoa leseni aweza kuupima ua kabla hajatia sahihi. Katiba yataka pia bunge la kaunti liwashirikishe wananchi linapotunga sheria. Siku hiyo wenye baa watakuwepo. Je, sisi tutakuwa wapi?

Twajua hofu iliyopo. Wengine husema wateja watahama, bakshishi itapungua, na kazi itakwisha. Hofu hiyo si ya kuchekwa, maana mwenye watoto lazima aifikirie. Lakini mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipima habari za nchi nyingi, likaona kwamba kukataza sigara hakukuharibu biashara ya baa na mahoteli. Wala hatuna vita na wavutaji. Wako wenzetu wengi humu wavutao, nao ni ndugu zetu. Tunachokataa ni mtu kulazimishwa kuvuta sigara asiyoinunua, ili apate mshahara wake.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo manne:

1. Kaunti iseme wazi katika masharti ya leseni maana ya "nje": penye paa, pasiwe na kuta zaidi ya nusu, na pawe mbali na milango na jikoni.

2. Mahali pa wavutaji pasiwe na huduma ya mezani. Mteja achukue kinywaji chake mwenyewe, na visahani vya majivu visafishwe baada ya watu kuondoka.

3. Neno hili liandikwe katika mapatano ya kazi, pamoja na kwamba hakuna atakayefukuzwa kwa kukataa kuhudumu ndani ya moshi.

4. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, kamati ya usalama na afya iliyowekwa na sheria ya 2007 ikague ua huo na kuandika ilichokiona.

Ndugu, mshahara ukipunjwa twaweza kudai, nao ukalipwa. Kifua kikiharibika, hakuna afisi ya kukidai. Tudai mapema, na tudai pamoja.