Huruma Isiyouliza Haitoshi

Wapendwa waamini, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wa Halmashauri ya Walei,

Hapa Mkata tunaishi kandokando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera. Hebu tumfikirie mtoto anayeyakimbilia mabasi akiwa na beseni la machungwa, saa ambazo wenzake wako darasani. Wengi wetu humnunulia, au humlaumu mama yake. Yote mawili tunayafanya kabla ya kuuliza.

Yawezekana baba ni mgonjwa. Yawezekana mlezi ni bibi kizee asiyeweza tena kulima. Yawezekana yuko mtu mzima anayemtuma na kupokea fedha jioni. Hali hizi tatu zinataka misaada mitatu tofauti. Debe la mahindi litamfaa bibi, lakini litamneemesha yule anayemtumikisha mtoto.

Ndiyo maana kazi ya ustawi wa jamii inasomewa. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoko Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwenye taaluma hii hujifunza kuzitembelea nyumba, kusikiliza bila kuhukumu, kuandika aliyoyaona na kutunza siri. Utafiti, basi, si jambo la wasomi wa mbali. Huanza pale mtu anapobisha hodi na kuuliza kwa heshima.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo haikuwaachia maofisa peke yao mzigo huu. Inampa kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Tukinyamaza kwa kusema kwamba hayo ni mambo ya nyumba ya watu, tumemtupa mtoto.

Basi tushike mambo matatu. Kwanza, isipokuwa kwa njaa au ugonjwa usiongoja, jumuiya itume watu wawili waaminifu kuitembelea nyumba kabla ya kutoa msaada. Pili, waliyoyasikia huko yasitangazwe kanisani wala kusimuliwa kisimani. Maskini naye ana heshima yake. Tatu, penye kipigo, utumikishwaji au unajisi, tusisuluhishe wenyewe kwa faini na kupeana mikono. Twende siku hiyo hiyo kwa afisa ustawi wa jamii na polisi.

Mwenyezi Mungu atujalie subira ya kusikiliza, na ujasiri wa kusema panapostahili kusemwa.