Kumbukumbu Chungu Haiponi kwa Kunyamazishwa



Ndugu zangu wazazi na walimu wenzangu, aliyefikwa na vita, ubakaji au kufukuzwa kwao mara nyingi huambiwa: "Subiri, sahau, usiyarejee hayo." Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, lakini humwacha mgonjwa peke yake na maradhi yake.

Nukta ya kwanza ni kuyafahamu maradhi yenyewe. Kumbukumbu ya kawaida ina mahali na wakati. Mtu hujua kwamba jambo lilitokea na limekwisha. Ama tukio la kutisha kupita kiasi, huweza kubaki vipande vipande: sauti, harufu, mapigo ya moyo, bila ya tarehe. Aliyekimbia Mogadishu mwaka 1991 huenda akasikia mlango wa bati ukibamizwa, akatetemeka kana kwamba risasi zinalia sasa hivi. Si lazima awe na jini, wala si upungufu wa imani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, alikwisha kueleza katika kitabu chake Masalih al-Abdan wal-Anfus kwamba nafsi huugua kama uuguavyo mwili, nayo hutibiwa.

Nukta ya pili ni tiba. Wataalamu wa Ujerumani, Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, waliandaa tiba ya masimulizi. Kamba hutandazwa chini iwe mfano wa umri wa mgonjwa. Maua huwekwa penye furaha na mawe penye misiba. Kisha mgonjwa husimulia maisha yake kwa mpangilio. Afikapo penye jiwe, husimulia polepole: aliona nini, alisikia nini, mwili ulihisi nini. Msikilizaji humkumbusha kwamba hayo yalikuwa kule, na sasa yupo hapa, salama. Masimulizi huandikwa, akasomewa katika kikao kinachofuata. Hivyo vipande hupata mahali na tarehe yake, na hofu hupungua. Jiwe haliondolewi, hujulikana tu lilipo.

Tiba hii ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa Wanyarwanda na Wasomali 277, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Waliosikiliza hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Takriban asilimia 70 ya waliosimulia hawakuonekana tena na maradhi hayo, na asilimia 65 ya waliopata ushauri nasaha wa namna nyingine. Miongoni mwa wasiotibiwa walikuwa asilimia 37 tu.

Nukta ya tatu ni hadhari. Haijuzu kumlazimisha mtu aseme mbele za watu. Kidonda kilichofunuliwa kikaachwa huzidi kuuma. Ukiona ndoto za kutisha, kushtukashtuka na kukwepa mahali au watu kwa zaidi ya mwezi mmoja, msikilize, mhifadhie siri yake, na umfikishe kwa mwenye mafunzo. Na mwanafunzi anayeduwaa darasani kwa sababu hiyo, fimbo humrejesha kwenye lile lile analolikimbia.

Wala tusiseme kwamba kunyamaza ndiyo subira. Nabii Yaaqub, alayhis-salaam, alihuzunika hata macho yake yakapofuka, naye ni kigezo cha wenye kusubiri.