Kipokezi cha Nani? Seli T Zilizoundwa Upya na Saratani za Kichwa na Shingo Zitokanazo na Virusi



Saratani za kichwa na shingo hazina chanzo kimoja. Nyingi huletwa na tumbaku na pombe, lakini ziko mbili ambazo kirusi kimo ndani ya seli zake tangu mwanzo. Ya kwanza ni ya koromeo, hasa kwenye tonsili na shina la ulimi, inayoletwa na virusi vya papiloma, HPV, na zaidi aina ya 16. Nchini Marekani takriban saba katika kila kumi ya saratani za sehemu hiyo zina HPV. Ya pili ni ya nyuma ya pua, inayohusishwa na virusi vya Epstein-Barr, EBV. Hii imewaandama zaidi watu wa kusini mwa China na Asia ya Kusini-Mashariki, lakini madaktari wa Nairobi walikwisha kuiandikia tangu miaka ya 1960, na EBV yenyewe ilitambuliwa London mwaka 1964 katika sampuli za uvimbe wa taya za watoto kutoka Uganda, ugonjwa ambao Denis Burkitt alikuwa ameueleza akiwa Kampala. Saratani hizi zikishasambaa mwilini, upasuaji na mionzi mara nyingi haviwezi tena kuponya, na dawa huongeza miezi. Katika mada hii ninatetea hoja moja: majaribio ya seli T, askari wa kinga ya mwili, zilizoundwa upya yameonyesha kwamba protini ya kirusi ni shabaha nzuri kuliko nyingi tulizonazo, lakini anayenufaika huamuliwa na aina ya tishu aliyorithi kwa wazazi wake. Kwa kuwa aina za tishu za watu wa Afrika Mashariki hazijasomwa vya kutosha, kazi yetu ianzie hapo, na ianze kabla tiba haijafika.

Niseme kwanza kwa nini kirusi ni shabaha nzuri. Saratani nyingi hutokana na protini zetu wenyewe zilizoharibika kidogo, na kinga ya mwili imefundishwa tangu utotoni kuvumilia vya kwake. Protini za HPV ziitwazo E6 na E7 ni ngeni kabisa, hivyo kuzishambulia hakupaswi kuumiza tishu zilizo salama. Zaidi ya hayo, saratani haiwezi kuzitupa ili ijifiche, kwa sababu ndizo zinazoiweka hai: E6 huiangamiza p53 na E7 huifunga protini ya retinoblastoma, zote mbili zikiwa breki za kugawanyika kwa seli. Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2008 kwa kuonyesha kwamba virusi hivi ndivyo chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi, na saratani ya koromeo yenye HPV hufuata njia ileile. Ugumu uko kwingine. Seli T haioni protini iliyo ndani ya seli nyingine. Huona kipande chake kifupi tu, kilichobebwa hadi juu ya ngozi ya seli na molekuli za HLA, kama sinia linalotolewa mlangoni. Kila mtu amerithi masinia yake, ambayo ndiyo aina yake ya tishu, na kila aina ya sinia hubeba vipande fulani na kuacha vingine.

Kikundi cha Christian Hinrichs katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, huko Bethesda, kilichukua kipokezi, yaani molekuli ambayo seli T hutumia kutambua kipande hicho, kutoka kwa seli T zilizokuwa zimejipenyeza kwenye mlango wa kizazi wa mwanamke. Kipokezi hicho hutambua kipande cha amino asidi tisa cha E7 kikiwa kimebebwa na aina ya HLA iitwayo HLA-A*02:01. Seli T za mgonjwa hutolewa kwenye damu yake, hupewa jeni ya kipokezi hicho kwa kutumia kirusi mbebaji, huzalishwa maabara hadi mabilioni, kisha hurudishwa mwilini baada ya dawa za siklofosfamidi na fludarabini kuondoa seli za zamani na kuzipa mpya nafasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Walitibiwa watu 12 wenye saratani za HPV zilizosambaa, za kichwa na shingo zikiwemo, ambao tiba zilizotangulia zilikuwa zimeshindwa. Kwa sita uvimbe ulipungua kiasi cha kuhesabiwa kuwa umeitikia, yaani kwa angalau asilimia 30, na wanne kati yao walitoka katika kundi la wanane ambao dawa za kuzuia PD-1, breki ya seli T, hazikuwafaa. Kipokezi cha awali, kilicholenga E6, kilikuwa kimeleta mwitikio kwa wawili tu kati ya 12, kwa hiyo kupanda hadi sita si jambo dogo. Tofauti hiyo inanishawishi kwamba ubora wa kipokezi, yaani nguvu ya mshiko wake, ndio moyo wa tiba hii.

Atakayepinga atasema kwamba watu 12 ni wachache, na kwamba tulikwisha kuwa na matumaini ya namna hii kwa saratani ya nyuma ya pua yakafifia. Anayo haki. Huko Singapore, jaribio la wagonjwa 35 lililochapishwa mwaka 2014 liliwapa seli T zilizozoeshwa EBV baada ya tibakemikali, na takriban asilimia 63 walikuwa hai baada ya miaka miwili. Watu walifurahi. Kisha likafuata jaribio la awamu ya tatu lenye wagonjwa 330, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2022: waliopata seli waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 25.0, na waliopata tibakemikali peke yake miezi 24.9. Seli hazikuongeza kitu. Nadhani somo la jaribio hilo ni tofauti na lile ambalo wengi wamelichukua. Seli zile hazikuundwa upya. Zilizoeshwa kwa kuwekwa pamoja na seli B zilizoambukizwa EBV, na seli B hizo huonyesha protini nyingi za kirusi, hasa za kundi la EBNA3, ambazo saratani ya nyuma ya pua haizitoi kabisa. Saratani hiyo hutoa hasa EBNA1, LMP1 na LMP2, na mwili huzijibu kwa udhaifu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jeshi lililorudishwa mwilini lilikuwa likitafuta adui asiyekuwepo, tena bila kuondolewa kwanza seli za zamani. Jaribio hilo linathibitisha kwamba wingi wa seli bila kipokezi sahihi haufai, na hilo linaunga mkono kuunda kipokezi, halikipingi.

Upungufu wa jaribio la E7 nao lazima usemwe wazi. Wagonjwa ambao saratani yao haikusikia tiba, au ilirudi, walichunguzwa, na katika baadhi yao saratani ilikuwa imepoteza HLA-A*02:01 yenyewe au kuharibu mitambo ya kupeleka vipande vya protini juu ya seli. E7 ilikuwa bado ipo. Haikuweza kutupwa, basi saratani ikatupa sinia. Hapa ndipo hoja yangu ya HLA inapopata uzito: ndiyo mlango wa kuingilia tiba hii na ndiyo njia ya saratani kutorokea. Watafiti wanaweza kuitikia kwa kutengeneza vipokezi kwa aina mbili tatu za HLA kwa mgonjwa mmoja, ili saratani ikipoteza moja nyingine ibaki. Lakini watavitengeneza kwa aina zipi? HLA-A*02:01 ilichaguliwa kwa sababu imeenea miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya. Kusini mwa Sahara hupatikana kwa uchache zaidi, na badala yake tunakuta A*02:02, A*23:01, A*30:01, A*30:02, A*68:02 na nyinginezo. Athari zake zimekwisha kuonekana katika tiba iliyoidhinishwa. Mwezi Agosti 2024 Marekani iliidhinisha Tecelra, seli T za kwanza zenye kipokezi kilichoundwa kwa ajili ya saratani ya uvimbe mgumu, sainovia sakoma. Inawafaa wenye aina kadhaa za A*02, lakini wenye A*02:05 wamekatazwa kuipata, kwa kuwa kipokezi hicho huweza kushambulia aina hiyo yenyewe. A*02:05 hupatikana Afrika. Mwafrika aliyepimwa kwa kipimo cha juujuu na kuambiwa ana A2, bila kutajwa ni A*02 ipi, anaweza kudhuriwa na tiba ambayo ingemfaa jirani yake.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha na vipaumbele, na ninaliheshimu. Seli za CAR-T, ambazo nazo ni seli T zilizoundwa upya, zilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2017, bei ilikuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale Mulago, iliharibika na nchi nzima ikabaki bila huduma hiyo. Kwa nini tuzungumzie vipokezi ilhali mionzi haitoshi na chanjo ipo? Rwanda ilianza chanjo ya HPV mwaka 2011, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, na utafiti wa Kenya ulionyesha kwamba dozi moja huzuia maambukizi mapya yanayodumu ya aina ya 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya kwanza. Shilingi ya kwanza iende huko, sina ubishi. Ila chanjo haimsaidii mwanamke ambaye leo ana saratani iliyosambaa ya mlango wa kizazi, ambayo kwetu ndiyo saratani kubwa ya HPV na mara nyingi hubeba E7 ileile ya koromeo. Wala hakuna chanjo ya EBV iliyoidhinishwa. Na bei si amri ya maumbile: India iliidhinisha CAR-T yake mwaka 2023, iliyotokana na kazi ya Taasisi ya Teknolojia ya Bombay na Hospitali ya Tata, kwa takriban sehemu ya kumi ya bei ya Marekani. Ilifika huko kwa sababu wataalamu wake walianza miaka mingi kabla tiba haijawa nafuu.

Ninachopendekeza hakihitaji maabara ya mabilioni. Upandikizaji wa figo haufanyiki bila kupima aina za tishu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, kazi inayotaka ujuzi uleule wa kukusanya, kutunza na kurudisha seli. Ujuzi huo ungeweza kutumika kupima HLA kwa kina kwa kila mgonjwa wa saratani ya nyuma ya pua, ya koromeo na ya mlango wa kizazi anayekubali, katika hospitali za rufaa za nchi zetu, na matokeo yakaunganishwa na aina ya kirusi kilichomo kwenye uvimbe. Kipimo cha HPV kwenye saratani ya koromeo kiwe cha kawaida, kwa kuwa bila hicho hatujui ni wangapi wanahusika. Takwimu zibaki mikononi mwa taasisi zetu, na wageni wanaotaka kuzitumia waje na makubaliano ya kutengeneza vipokezi kwa A*30 na A*68:02, siyo kuchukua damu tu. Kipaumbele ningekipa mlango wa kizazi na nyuma ya pua kuliko koromeo, ambako HPV kwetu inaonekana kuwa na mchango mdogo, ingawa kipokezi cha E7 kikipatikana kitawafaa wote wenye HPV ya aina ya 16 na HLA inayolingana nacho, popote uvimbe ulipoanzia.